Upande Wako wa Njia

Nyumba ya Mwisho,
Nyuma ya Kiwanda cha Uchapaji.
Jumanne, 14 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Kinda,

Amani ya Mwenyezi Mungu na rehema zake zikufikie hapo ulipo, ziingie nawe kazini asubuhi na zirudi nawe nyumbani jioni. Kabla sijatamka lolote nakuuliza hali. Je, mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia? Miguu bado inavimba kwa kukaa kitini kutwa? Na shemeji yangu, kikohozi kile kimemwachia usingizi, au bado anaiamsha nyumba nzima?

Mimi namshukuru Mola kwa kila hali. Macho yangu yanasoma herufi ndogo nikikaa karibu na dirisha. Goti la kushoto hunung'unika ninapoinuka kutoka kwenye sijda, nami nalijibu kwamba ni lake kunung'unika na ni langu kuinuka. Meno yaliyobaki yanaelewana.

Najua utashangaa kuona barua. Simu ninayo, na namba yako naijua kwa moyo kama nijuavyo jina la mama. Lakini nimekwisha kugundua, mdogo wangu, kwamba kuna jambo moja ambalo kila nikilifikia, mtandao wa huko kwenu hupotea. Nikiuliza habari za mwanao, sauti yako huja safi kana kwamba uko chumba cha pili. Nikitaja tu neno kupimwa, mara nasikia, "Dada, sikusikii, Dada, inakatakata," kisha kimya. Nawe ndiye upokeaye simu za jengo zima la ghorofa na kuifikisha kila moja kwa mwenyewe! Barua haikatikikatiki. Ukiikunja na kuiweka chini ya mto, itakungoja mpaka utakapokuwa tayari.

Kwa hiyo sitakuzungusha. Nakuandikia ili nikuombe uende hospitali ukapimwe matiti. Hilo ndilo jambo. Mengine yote nitakayoyasema yanalizunguka hilo, nawe yasome kwa subira, kwa maana ninayaandika kwa subira.

Nikupe kwanza habari za nyumba. Chumba cha mbele, kile nilichokuwa nikiwasomeshea wasichana, sasa kimetulia kupita kiasi. Wanafunzi walipungua kidogo kidogo; wakafunguliwa darasa la kisasa lenye viti na ubao mweupe, na wazazi wakaona ni karibu zaidi na shule. Sikuwalaumu. Wa mwisho alikuwa binti wa muuza dawa, aliyekuja peke yake kwa muda, akasoma peke yake, na sauti yake ikawa inagonga ukuta na kumrudia mwenyewe. Siku moja akaniuliza, "Bi Mwalimu, huogopi kukaa humu peke yako?" Nikamwambia aliye na Mola wake hayuko peke yake. Ni kweli, nami naiamini. Lakini alipoacha kuja, niliyakunja majamvi yote nikabakisha moja, na sijapata kuwa na sababu ya kuyakunjua tena.

Saa ya ukutani bado inakwenda. Zamani, kwa kelele za watoto, sikuwa najua kwamba ina sauti.

Nilikuwa na jirani, fundi cherehani, nadhani umewahi kumsikia akicheka nyuma yangu kwenye simu. Mwanamke mnene, mwenye ulimi mwepesi na moyo mweupe. Yeye ndiye aliyeniletea habari kwamba hospitali kuu inatafuta wanawake waliokoma hedhi, ambao mama zao au dada zao waliugua saratani ya matiti. Walitaka tutembee kila siku kwa miezi kadhaa, nao wapime damu yetu mwanzo, katikati na mwisho, waone kama kutembea hushusha vile viashiria vya hatari vilivyomo mwilini. Fundi mwenyewe hakufaa, kwa kuwa kwao hakuna aliyeugua. Akanisukuma mimi.

"Nenda wewe, Bi Mwalimu. Angalau damu yako ipate pa kwenda, wewe mwenyewe huendi popote."

Nikaenda. Sikwenda kwa ajili yangu peke yangu, Kinda. Nilipoulizwa kwenye meza ya mapokezi ni nani katika familia aliugua, nikasema dada yetu mkubwa, na sauti yangu ikafanya jambo ambalo haijalifanya tangu siku ya maziko.

Muuguzi wetu ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kuwafikia walio mwisho wa foleni. Alitukusanya akatueleza kwa maneno rahisi. Alisema mwanamke akishakoma hedhi, homoni za kike hazimaliziki mwilini. Mafuta ya mwili huendelea kuzitengeneza, na zikizidi zinaweza kuyachochea matiti vibaya. Akataja pia sukari, na joto fulani la ndani kwa ndani ambalo mtu halihisi ila damu hulionyesha. Kutembea kila siku, akasema, kunaweza kuyapunguza hayo. Hakuahidi. Nilimpenda kwa kutoahidi.

Kisha akatupa kipimo cha mwendo. "Mtembee mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kuzungumza, punguza."

Wenzangu wakaelewa. Mimi nikaelewa kwa njia yangu.

Wewe unajua kwamba tangu ujana wangu sijaimba. Wimbo siujui, ninachokijua ni kisomo. Basi nikaona, maadamu kuimba sikuwezi hata nikiwa nimelala kitandani, kipimo hicho nimekwisha kukitimiza, na safari yangu nitaipamba kwa kusoma yale niliyoyahifadhi. Kila alfajiri baada ya swala nikavaa viatu vya mpira alivyonichagulia fundi, nikashika njia ya nyuma ya kiwanda cha uchapaji, ile iliyonyooka kutoka geti la kiwanda mpaka kwenye matangi ya maji, nikawa nasoma kimoyomoyo, tena kwa utaratibu niliowafundisha wasichana wote: herufi ipewe haki yake, pumzi isikatwe katikati ya neno, na ukifika kwenye alama ya kusimama, simama.

Nami, mdogo wangu, nilisimama. Nilisimama kwa ulimi na nikasimama kwa miguu.

Fundi alikuwa akinisindikiza siku zile. Alikuwa akitangulia, akifika mbele anageuka na kuniona nimesimama barabarani kama nguzo, macho nimeyafumba.

"Mwenzangu! Unatembea au unasindikiza jeneza?"

"Mwendo wa utulivu ndio mwendo wa watu wema," nikamjibu.

"Basi wema watafika kesho kutwa. Mimi nimeshakwenda matangini, nimerudi kukuchukua, na bado hujaipita nyumba ya muuza mkaa!"

Nikamwona ni mtu wa mzaha, asiyejua ladha ya kisomo. Nikaendelea.

Kisha mwanawe akaja kumchukua. Alisema mama hawezi kuishi peke yake na ngazi zile, naye ana chumba cha ziada mjini kwake. Ilikuwa shughuli ya asubuhi moja tu. Cherehani ikafungwa kamba nyuma ya gari, vitambaa vya wateja vikarudishwa kwa wenyewe, na rafiki yangu akanishika mikono miwili, kwa mara ya kwanza bila neno la mzaha. Mlango wake sasa una kufuli jipya. Kila nikitoka alfajiri, mkono wangu bado unataka kuugonga.

Nikabaki natembea peke yangu. Ila hapo sikuuona upweke wenyewe, kwa sababu nilikuwa na kisomo mdomoni, na mtu anayesoma huwa na mwenzake.

Siku ya kupimwa damu ya katikati ilipofika nilikwenda kwa matumaini. Wenzangu kadhaa walikuwa wameanza kulegewa na nguo viunoni. Walikuwa wakichekana, wakionyeshana mikanda. Mimi nguo zangu zilinikaa vilevile. Majibu yalipotoka, muuguzi alinivuta pembeni, akanipa kiti.

"Bibi, niambie kweli na sitakukasirikia. Unatembea?"

Kinda, mimi kuulizwa kama nasema kweli! Nikamwambia sijaacha hata alfajiri moja, mvua ikinyesha au isinyeshe. Akanitazama, nadhani akaniamini, maana alichukua mkono wangu akasema, "Haya, twende uani. Tembea nikuone, kama unavyotembea kila siku."

Tukatoka kwenye ua wa hospitali, pale wanapoanika mashuka. Nikaanza, bismillahi, nikashika kisomo changu, nikapiga hatua. Tukafika kati ya safu mbili za mashuka. Pakawa na alama ya kusimama. Nikasimama.

Muuguzi akapita mbele kidogo, akageuka.

"Vipi, goti?"

"Hapana. Napumzisha aya."

"Unapumzisha nini?"

Nikamweleza yote, kwa ukamilifu, mpaka na hukumu za kusimama na kuanza. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa. Kisha akakamata kamba ya mashuka kwa mkono mmoja, akainama, akacheka hadi kofia yake ikadondoka. Wafuaji waliokuwa karibu wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Na mimi, ambaye sijachekwa hadharani tangu nilipokuwa mwanafunzi, nikajikuta nacheka pia. Nilishtuka kuisikia sauti hiyo ikitoka kwangu.

Alipojifuta macho akaniambia kwa upole, "Bibi, Mungu akulipe kwa kisomo. Lakini moyo wako hujauamsha. Mtu mwenye pumzi ya kutosha kwa aya ndefu hajatembea, amesimama kwa starehe. Usome ukishafika nyumbani. Njiani, tembea."

Alfajiri iliyofuata nikatoka na mdomo mtupu.

Sijui nikuelezeje. Nilipiga hatua za haraka kama alivyonionyesha, mikono ikichapa ubavuni, na kabla sijaifikia nyumba ya muuza mkaa pumzi ikawa fupi, jasho likanitoka kwenye paji la uso. Kusoma sikuweza. Nikasikia viatu vyangu juu ya kokoto. Nikasikia mashine za kiwanda zikianza kuunguruma, na mbwa mmoja mbali. Basi. Hakuna mwingine. Maneno matukufu niliyokuwa nayo kila dakika ya maisha yangu yalikuwa yamenikinga na ukimya huo kama paa linavyokinga mvua, nami nikawa nadhani hainyeshi.

Nilipofika kwenye matangi nikashika bomba la maji la baridi ili nisianguke. Ndipo nikamkumbuka Dada Mkubwa, nikakukumbuka wewe, kwa pamoja, kwa namna ya kunikata. Nikarudi nyumbani nikalia, kisha nikaoga, nikapika uji, nikala nusu.

Kesho yake nikaenda tena. Nimekuwa nikienda tangu hapo.

Nikueleze na jambo la mlinzi wa kiwanda. Ni mzee kama mimi, mwenye redio ndogo isiyozimwa, na kazi yake kubwa ni kuwatania wapita njia. Asubuhi moja aliniita kutoka getini.

"Bi Mwalimu! Hebu sogea pembeni. Mbona unatembea katikati ya njia kama gari la bwana harusi? Lori la karatasi likija utaliambia lipite wapi?"

Nikatazama miguu yangu. Kweli nilikuwa katikati. Nikasogea. Siku iliyofuata nikajikuta katikati tena, naye akapiga kelele tena, "Bi Mwalimu, bwana harusi hajaja!" Nikamrushia neno la kumnyamazisha, akafurahi siku nzima. Lakini njia nzima mpaka matangini nilijiuliza kwa nini miguu yangu inakataa pembeni.

Jibu lilinijia njiani nikirudi. Wakumbuka tulivyokuwa tukienda chuo cha Kurani asubuhi, wote watatu? Dada Mkubwa upande wa kulia, upande wa magari, kwa kuwa alisema mwili wake ni mkubwa na dereva atamwona. Wewe upande wa kushoto, ukipapasa ukuta kwa vidole mpaka vinachubuka. Mimi katikati, nimekushika wewe kwa mkono mmoja na yeye kwa mwingine. Hatukupata kubadilishana. Mara moja ulilia kwamba unataka katikati, Dada Mkubwa akasema, "Katikati ni kwa mwoga," ukanyamaza. Nami sikukanusha, maana ilikuwa kweli.

Miguu yangu, mdogo wangu, imeshika nafasi yake ileile. Inawaachia nyinyi pande zenu.

Sasa nafika mahali pagumu. Nakuomba ukae, kama umesimama.

Mara ya mwisho mtandao wako ulipokuwa mzuri, kabla hujaupoteza, uliniambia maneno haya: "Dada Mkubwa alijua, akafa. Mimi sitaki kujua." Ulikuwa unaamini, na pengine bado unaamini, kwamba alikuwa mzima mpaka alipokwenda hospitali, na kwamba ni kisu cha daktari kilichouamsha ugonjwa. Sikukujibu siku ile. Nilikuwa na jibu, ila halikuwa langu kulitoa.

Wewe ulikuwa mbali. Mimi ndiye niliyemwosha. Mwoshaji ana amana. Alionalo kwenye mwili wa maiti hulizika pamoja naye. Nimewafundisha hivyo wasichana kizazi baada ya kizazi, na amana hiyo nimeishika kwa nguvu zangu zote. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, hakulisikia kwangu.

Lakini nimeipima upya. Sikutaka kujitolea hukumu mwenyewe kwa jambo ambalo nafsi yangu inalitamani, kwa hiyo nilikwenda kwa imamu wetu baada ya swala, nikakaa nyuma ya pazia, nikamweleza.

Akasema, "Bi Mwalimu, waniuliza jambo ambalo jibu lake unalo."

"Ninalo, lakini nataka kulisikia kwa mdomo usio wangu."

Kisha akasema, "Kinachositiriwa ni aibu. Ugonjwa si aibu. Na aliye hai ana haki juu yako."

Basi nakueleza, na Mola ni shahidi kwamba sikusudii kumvunjia marehemu heshima yake.

Nilipomfunua upande wa kushoto ili nimmiminie maji, niliona kwenye ngozi yake, kuanzia chini ya kwapa kuzunguka kifua mpaka mgongoni, alama nyeusi ya ukanda. Ilikuwa kama ile iachwayo begani na mtu abebaye mzigo kila siku kwa miaka. Haikuwa ya hospitali. Alikaa huko muda mfupi mno kupata alama ya aina hiyo. Dada yetu alikuwa akijifunga kifua kwa kitambaa, akikaza, ili uvimbe usionekane chini ya nguo. Alifanya hivyo muda mrefu kabla hajatuambia lolote. Alipika kwenye arusi ya mwanangu, kabla hajahamia ng'ambo, akiwa amejifunga. Alikuja kukuaga siku ya safari yako, akakubebea begi lako la pili, akiwa amejifunga.

Baadaye, nilipofungua sanduku lake ili tugawe nguo, nilivikuta vile vitambaa chini kabisa. Vimefuliwa, vimekunjwa pembe kwa pembe, kama alivyokunja kila kitu.

Kisu cha daktari hakikumuua, Kinda. Kilikuja ugonjwa ulipokuwa umekwisha kujenga makao. Ni kweli alijua. Alijua kabla yetu sote, na alijua peke yake. Alikuwa upande wa magari hata hapo, ili sisi tusione.

Naacha kidogo nipumue.

Nimerudi. Nimemwagilia sufuria ya mnanaa dirishani na nimeusikia mtambo wa kiwanda ukizimwa kwa mapumziko ya adhuhuri.

Juma lililopita tulipewa majibu ya mwisho. Daktari anayeongoza utafiti ni binti wa umri wa mwanao, mwenye kusema taratibu. Alinionyesha kwamba baadhi ya viashiria vyangu vimeshuka, si sana, lakini vimeshuka. Na kingine kimekaa palepale. Kiuno changu kimepungua, na hilo silihitaji daktari kulijua. Wakanipiga pia picha ya matiti kwa mashine inayobana, nami nakwambia kweli inauma kidogo, kama mtu anavyobanwa na mlango, kisha inaachia na yamekwisha. Picha yangu ni safi, Alhamdulillah.

Nikamwuliza, "Sasa nikitembea hivi hivi, niko salama?"

Akatikisa kichwa. "Bibi, kutembea kunapunguza hatari. Hakuiondoi. Ndiyo maana tunatembea na tunapima. Tukikuta kitu kikiwa kidogo, mara nyingi tunaweza kukishughulikia." Halafu akageuza ukurasa, akauliza swali ambalo sikulitazamia. "Una dada mwingine?"

"Ninaye. Mdogo wangu. Yuko mbali."

"Amepimwa?"

Nilikaa na mikono mapajani. Mimi niliyewajibu watu maswali ya dini kwa umri wangu wote, niliinamisha kichwa mbele ya binti yule kama mwanafunzi asiyesoma somo lake. Nikasema, "Sijui." Ilinibidi nilitafute neno hilo chini kabisa. Sijui. Dada yangu wa pekee duniani, na sijui.

Ndiyo sababu ya barua hii.

Sikuombi ushujaa. Nakuomba asubuhi moja. Mwambie mkuu wako wa kazi una miadi; simu za watu zipokelewe na mwingine kwa siku hiyo, jengo halitaanguka. Chukua mwanao akusindikize, au shemeji, au jirani. Usiende peke yako kama unaweza. Dada Mkubwa alikwenda peke yake mara ya kwanza, na mpaka leo nauona kwa mawazo mgongo wake ukiingia kwenye lango lile.

Na kama kuna kitu ambacho umekwisha kukigusa, ukanyamaza, kama ndicho kinachoukata mtandao wako, basi nakwambia mimi, mwoga wa katikati: nitakuja. Pasi yangu ya kusafiria nimekwisha kuitafuta nikaikuta chini ya misahafu, na bado ina muda. Viatu ninavyo. Goti nitalivumilia. Chumba changu cha mbele hakina mwanafunzi wa kunizuia.

Vilevile anza kutembea. Unakaa kitini kuanzia asubuhi mpaka jioni na kifaa cha simu kichwani. Zunguka jengo lenu saa ya chakula, au shuka kituo kimoja kabla ya nyumbani. Mwendo wa kuweza kuzungumza. Habari ya kuimba, hiyo usiipime kwa njia yangu.

Nisalimie sana shemeji yangu, mwambie nimemwombea kifua chake. Mbusu mwanao, na umwambie mama yake mkubwa anamkumbuka alivyokuwa akilala juu ya majamvi yangu. Mjukuu wako ninayemjua kwa picha tu, mwekee mkono kichwani kwa niaba yangu na umsomee unachokikumbuka. Hata kidogo kinatosha. Huku wanakusalimu imamu na watu wake, binti wa muuza dawa anayepita kunichungulia, na mlinzi wa kiwanda, ambaye hakujui lakini ameniambia nimwandikie kila mtu ninayemwandikia kwamba anatafuta mke mwenye mwendo wa kasi. Fundi cherehani naye ametuma salamu kwa simu, na kucheka kwake kulinikaa masikioni mpaka usiku.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi mbele yako na nyuma yako, kuliani kwako na kushotoni kwako. Aupe mwili wako afya na moyo wako utulivu wa kuijua hali yako bila hofu. Kama ni heri, akuzidishie; kama ni mtihani, asikupe peke yako.

Usinijibu kwa maneno mengi. Ukishatoka hospitali, nipigie, na safari hii mtandao usipotee. Nitakuwa nikitembea alfajiri kama kawaida, katikati ya njia, mlinzi apige kelele apendavyo. Upande wa kulia, mwenyewe hatarudi tena hapa duniani, nami nimeukubali. Upande wa kushoto, ule wa ukuta, mwenyewe yu hai. Siwezi kuuachia mtu mwingine.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipofungwa kitambaa cha kwanza,

Wa Katikati.